Kumsimamia Marehemu

Sikatai kwamba waliacha zamani kuoa wake wengi, nilimwambia rafiki yangu, nesi mwenzangu kutoka Kenya. Alikuwa amenionya nisiwasingizie Wamormoni wa watu, eti mwanamume wao siku hizi ana mke mmoja tu. Hapa duniani, sawa. Lakini miaka hiyo ya sabini mwanzoni mimi nilikuwa nimepanga chumba kwa Wazungu wa dini hiyo, mtaa wa Kings Heath, na nilichokiona nilikiona.

Mwenye nyumba aliingia dini hiyo baada ya kufiwa na mke wa kwanza, ndipo akaoa huyu wa pili. Aproni ya marehemu ilikuwa bado inaning'inia nyuma ya mlango wa jikoni. Huyu mama hakuwahi kuivaa, wala kuitoa. Akipika, alijifunga taulo kiunoni.

Sasa walikuwa wanaenda hekaluni kufungishwa ndoa ya milele, ile ambayo hata kifo hakiivunji. Na marehemu naye angefungishwa. Kwa vile hayupo, mwanamke aliye hai anamsimamia: anapiga magoti mahali pake, anashika mkono wa mume, jina la marehemu linasomwa, yeye anaitikia ndiyo. Aliyeombwa ni huyu huyu mama. Halafu apige magoti tena, sasa kwa jina lake mwenyewe: mume mmoja, wake wawili, milele.

"Si ni heshima tu?" rafiki yangu akasema. "Wivu wa maiti wa nini, dada?"

Nikamwambia yeye hakumwona. Mchana wa siku hiyo hiyo, tukinywa chai, mama mwenye nyumba aliniuliza, macho yake yapo kwenye ile aproni. Alijua baba yangu ana wake wawili.

"Mama yako alizoea?"

"Alizoea," nikamjibu. "Wanaishi kama dada."

Akashusha pumzi, akasema basi, ataenda.

Uongo mtupu. Niliona aibu kumwambia Mzungu ya nyumbani. Tangu mwenzake aletwe, kila jioni mama yangu alipika sehemu ya baba, akaifunika, akangoja. Baba akilala kule, asubuhi chakula kinamwagiwa kuku. Nimekua nikiwaona kuku wakila ugali wa baba.

Rafiki yangu akauliza wanaondoka lini. Kesho, basi la saa mbili asubuhi.

Aende au asiende, hiyo ni yake. Lakini nikaamua niamke kabla ya saa kumi na mbili, nishuke jikoni mume wake akiwa bado juu ananyoa ndevu, nimwambie habari ya wale kuku.