Mkono wa Kushoto wa Baba

Baba alianguka kutoka kwenye mgrevilea akikata matawi shambani kwetu, juu huku kwenye mteremko wa Meru. Kichwa kikapiga jiwe. Baada ya wiki kadhaa alitoka hospitali akitembea mwenyewe na kudai supu yake ya mtori. Tukashangilia. Kumbe mkono wake wa kushoto ulikuwa umeanza kuishi maisha yake wenyewe.

Wa kulia ukifunga vifungo vya shati, wa kushoto unavifungua. Baba anainua kijiko, ule wa kushoto unakishusha. "We, tulia!" aliufokea kama anakemea mbuzi aliyeingia kwenye mahindi. Tulicheka jamani, mimi wa kwanza. Halafu daktari akatueleza kwamba njia inayounganisha pande mbili za ubongo imekatika, kila upande unafanya lake. Hapo kicheko kikaniisha. Sasa baba yangu ni yupi?

Tangu zamani alisema shamba atanipa mimi, binti yake, ndugu zangu wa kiume wapende wasipende. Siku ya kuandikishana wakaja mwenyekiti wa kitongoji na mzee wa kanisa. Baba akasomewa hati, akaitikia vizuri kabisa, "Ndiyo, ni la binti yangu." Akashika kalamu. Mkono wa kushoto ukaichomoa na kuitupa chini ya meza.

Nikaiokota. Ukaitupa tena. Mara ya tatu ukaivuta karatasi, ukaikunjakunja.

"Ni ugonjwa tu," mzee wa kanisa akaniambia. "Mshikie, mama."

Baba naye akasema, "Nishikie, mwanangu."

Nikaukandamiza mezani kwa mikono yangu yote miwili. Loo, ulikuwa na nguvu! Ulinifinya hadi nikauma meno. Baba akasaini huku ananitabasamia.

Sasa baba hayupo. Kahawa navuna mimi, hati iko kabatini. Ndugu zangu walinuna, wakazoea. Watu wakiniambia ulikuwa ugonjwa naitikia, maana nitabishana na nani? Lakini naogopa. Huenda yule baba wa upande wa pili wa ubongo alikuwa anawatetea wanawe wa kiume, huenda alikuwa na jambo ambalo baba mwenyewe hakuwahi kulitamka. Hakuna aliyemuuliza, na asingeweza kujibu. Hakuwa na mdomo, alikuwa na ule mkono tu, na mimi ndiye niliyeushika.