Aliyekuja Kuchochea Mashine ya Mzee Tarmo

Haya ninayokueleza niliyaona kwa macho yangu, asubuhi kweupe, watu wakiwa wamejaa. Mimi sinywi pombe, na sina faida yoyote nikikudanganya. Wengi waliokuwepo siku ile wapo hai mpaka leo, ila ukiwauliza watakuambia ilikuwa ajali tu. Mimi siwezi kusema hivyo, kwa sababu mimi alinishika mkono.

Kwetu reli haijawahi kufika. Lakini kwenye shamba la Mzee Tarmo, huko kwenye tambarare za ngano chini ya mlima Hanang, kulikuwa na mashine ya mvuke ambayo wote tuliiita treni. Ina boila ya kuchemshia maji, ina bomba refu la moshi, na magurudumu yake ya chuma yananifika kifuani. Hiyo haihitaji reli, inatembea juu ya udongo. Mlowezi mmoja aliitumia zamani kupura ngano, akaondoka akaiacha. Shamba lilipogawanywa, mashine ikabaki upande wa Mzee Tarmo, ikala kutu miaka yote, kuku wakawa wanataga kwenye tanuru.

Sasa, wapo watu wanaopenda injini za mvuke kama wengine wanavyopenda mpira. Kikundi chao kimoja cha Arusha, Wazungu na Wahindi na Waswahili wenzetu, walisikia habari za mashine hiyo. Wakaja, wakaizunguka siku nzima wakiipapasa kama ng'ombe wa maonyesho, wakamwomba Mzee waifufue. Mzee akakubali kwa furaha. Ndipo nikaitwa mimi, fundi wa kuchomelea kutoka Endasak.

Nilifanya kazi pale miezi minne. Juu ya boila kuna valvu ya usalama: mvuke ukizidi, inafunguka yenyewe na kuutoa. Niliikuta imefungwa kwa waya, mizunguko mitano, imekazwa kwa koleo.

Hapo nikakumbuka habari tuliyokuwa tukiisikia tangu utotoni. Enzi za mlowezi kulikuwa na mchochea moto mmoja, Qamara, aliyeungua na mvuke wa mashine ile akafa. Tuliambiwa alikuwa amelewa, akaifunga valvu mwenyewe ili kazi iende haraka. Mke wake na binti yake mdogo walifukuzwa shambani siku ya pili ya msiba, wakateremkia bonde la Yaeda Chini. Msaidizi wake, kijana aliyeitwa Tarmo, akapewa nafasi yake.

Lakini mimi ni fundi. Waya nauangalia jinsi ulivyosokotwa. Mtu wa mkono wa kulia husokota kwenda upande mmoja, na huu ulikuwa umesokotwa kinyume. Mzee Tarmo ni wa mkono wa kushoto. Anakula kwa kulia kwa sababu ya heshima, lakini ukimpa nyundo au jembe utaona.

Nilimpelekea ule waya kiganjani. Akautazama, akasema taratibu, "Fundi, wewe umeitwa kuchomelea."

Ningefanya nini? Ni mtu mzima wa miaka zaidi ya themanini, mzee wa kanisa, watu wanamwamkia njia nzima. Nikaenda nikautupa ule waya kwenye shimo la choo, nikaweka springi mpya, nikanyamaza.

Siku ya kuiwasha wageni walikuja na magari saba. Boila ya namna ile haichemki upesi, kwa hiyo niliuwasha moto kabla hakujakucha. Kulipopambazuka ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani, mzito, na wale wapiga picha wakafurahi kweli, wanasema moshi na ukungu vinapendeza pamoja. Wakasimamisha kamera zao kwenye miguu mitatu pande zote, mbele, nyuma, ubavuni. Mmoja alipanda juu ya gari lake.

Nikiwa nimeinama naongeza kuni, mtu akasimama karibu yangu. Kijana wa kama miaka thelathini, kaptula ya kaki, fulana iliyofuliwa hadi ikawa nyembamba, miguu mitupu. Hakuniamkia. Akasema tu kwamba nazilundika kuni mlangoni, nizisukume nyuma. Nikajisemea, vijana wa siku hizi. Lakini alikuwa anajua kazi. Alichukua fimbo ya chuma ya kuchochea akaupanga moto, na sindano ya geji inayopima mvuke ikaanza kupanda vizuri. Nikadhani wageni wamemkodi na kumvalisha nguo za zamani kwa ajili ya picha. Nao, niliambiwa baadaye, walidhani ni mtu wangu.

Mzee Tarmo akaja amevaa suti, mjukuu wake wa kike amemshika kiwiko. Alikuwa awaeleze wageni jinsi alivyoichochea mashine ile ujanani. Alizunguka gurudumu kubwa, akakutana uso kwa uso na yule kijana.

Niamini nikikuambia kilichofuata. Yule mzee aliachia fimbo yake ya kutembelea, akainamisha kichwa, na kwa sauti ndogo kama ya mtoto wa shule akasema, "Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Tarmo," yule kijana akajibu. "Umezeeka."

Wageni wanaojua Kiswahili wakacheka. Waliona ni mchezo umepangwa. Mimi sikucheka. Umewahi kumsikia mzee wa miaka themanini akimwamkia kijana, na kijana akaitikia kama haki yake?

Kijana akamnyooshea ile fimbo ya chuma. "Watu wametoka mbali kuona unavyochochea," akasema. "Chochea."

Mzee akanitazama mimi. Nikainua macho juu ya boila, na hapo ndipo nilipouona waya. Mizunguko mitano, kutu ile ile, umesokotwa kinyume, umeibana valvu niliyoitengeneza mimi kwa mikono yangu. Sindano ya geji ilikuwa imepita mstari mwekundu. Nikawapigia watu kelele warudi nyuma, nikashika koleo nipande nikaukate.

"Subiri, fundi," yule kijana akasema bila hata kugeuka. "Kwanza aseme."

Miguu yangu ikakataa. Si kwamba niliogopa, ingawa niliogopa. Ilikataa tu, kama ya mtu mwingine.

Na Mzee akasema. Mbele ya kamera zote, machozi yanateremka. Alisema valvu aliifunga yeye. Alisema Qamara hakuwa amelewa, alikuwa mtu wa watu, ndiye aliyemfundisha kazi, na yeye aliitamani nafasi yake. Alidhani mvuke utamuunguza kidogo tu, afukuzwe kazi kwa uzembe. Halafu akasema, "Nisamehe, kaka."

Nilidhani yameisha. Wewe usingedhani hivyo?

"Nimesikia," yule kijana akasema. "Sasa chochea."

Mzee alikwenda. Hakuna aliyemsukuma. Alimwondoa mjukuu wake kwa upole, akaipokea fimbo kwa mkono wa kushoto, akapiga goti mbele ya tanuru na kufungua mlango. Bomba mojawapo ndani ya boila likapasuka, na mvuke wote ukatokea pale mlangoni alipokuwa.

Sitakueleza sauti yake.

Ukungu na mvuke vilipochanganyika sikuona kitu. Watu walimvuta Mzee nje, wengine walikimbilia magari. Nilipotazama juu, valvu ilikuwa wazi, safi, haina waya. Yule kijana alikuwa amesimama mbele yangu. Akanipa mkono, na mimi, kwa mazoea tu, nikaupokea. Ulikuwa wa baridi kama chuma cha asubuhi.

"Asante kwa kuitengeneza," akaniambia. "Ikiwa na kutu nilikuwa siwezi."

Akaondoka kuelekea kwenye mabua ya ngano, polepole, kama mtu aliyemaliza zamu.

Wale wageni walinitumia picha kwenye simu. Yule kijana yumo, usifikiri hayumo. Walimpiga kutoka pande zote, mbele, nyuma, kushoto, kulia, na kwenye kila picha unaona mgongo wake tu. Kwenye video sauti ya Mzee inasikika neno kwa neno. Ya kijana haimo.

Mzee Tarmo aliishi wiki tatu hospitalini. Wanawe walishuka Yaeda Chini wakamtafuta binti wa Qamara, ambaye sasa ni bibi mwenye wajukuu, wamwombe aje aseme neno la msamaha kabla baba yao hajakata roho. Walimkuta anafunga ndama. Aliwasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja.

"Alipiga kelele?"

Wakasema ndiyo, alipiga.

"Vizuri," akasema, akaendelea kufunga ndama. Mzee akafa bila hilo neno.

Mimi je? Mkono wangu wa kulia tangu siku ile hausikii moto. Nimeungua mara nyingi bila kujua mpaka nikasikia harufu ya nyama. Kila jioni mke wangu ananikagua kidole kwa kidole chini ya taa. Hospitali wamepima, hawaoni ugonjwa. Mimi naujua. Nilijua waya ule ni wa nani, nikamsaidia kuuficha.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, siku ukikuta uovu wa mtu umefichwa mahali, usinyamaze kwa sababu anaheshimika. Sema siku hiyo hiyo, hata kwa sauti ndogo. Maana aliyedhulumiwa akianza safari yake anakwenda kwa mwenye kosa, lakini njiani anapita kwako.