Asali ya Mama Kalunde

Nilipokuwa mtoto kwetu Ilembo, mbwa hakuwa anakufa hivihivi. Akifia mlangoni huku anatetemeka, basi amepokea uchawi uliotumwa kwa mtoto wa nyumba hiyo. Ndivyo alivyotufundisha bibi, mama yake baba. Nina watoto wangu sasa, na nikikumbuka maneno yale bado damu inanichemka.

Mbwa wetu aliitwa Watasema. Krismasi moja baba mdogo Festo alikuja kutoka Dar, alikokuwa anafanya kazi jikoni hotelini, akatuletea bonge la chokoleti nyeusi ya kutengenezea keki. Tulikuwa hatujawahi kuonja chokoleti. Ilikuwa chungu kama shubiri, tukaitema. Kwetu chakula hakitupwi, kilichowashinda watu ni cha mbwa. Baba mdogo akamrushia Watasema bonge zima, akawa anacheka kuona anavyolifakamia.

Siku hiyohiyo jirani yetu Mama Kalunde, mjane aliyekuwa na mizinga yake ya nyuki huko Ugalla, alituletea asali ya sikukuu. Akampa na mbwa kipande cha sega alambe.

Jioni Watasema alianza kuhema. Akanywa maji mpaka tukamshangaa, akatapika, akazunguka uani bila kutulia. Asubuhi tulimkuta kizingitini anatetemeka mwili mzima, akafa tunamwangalia. Bibi akasema, "Mwanamke gani anapanda miti kutundika mizinga? Asali ile ilikuwa ya watoto."

Mama Kalunde akaitwa. Alichota asali ileile kwenye kopo letu, akala mbele ya watu. Unajua walisemaje? Mchawi hafi kwa dawa yake. Sasa watu wa namna hiyo utawashinda kwa lipi? Asingekula, mchawi. Amekula, mchawi. Mama Kalunde akamgeukia bibi, akauliza taratibu, "Mama, huyu mbwa jana alikula nini kingine?"

"Chokoleti," nikasema mimi. Baba mdogo akanizaba kibao, eti mtoto haingilii maneno ya wakubwa.

Watu wakaacha kuitikia salamu ya Mama Kalunde, wakaanza kurusha mawe kwenye bati lake. Akafunga virago, akahamia Ugalla, akafia huko.

Mwaka jana mbwa wangu hapa Mpanda alikula chokoleti ya binti yangu. Akaanza kuhema, kutapika, kutetemeka. Nikampakata kwenye bodaboda mpaka kwa daktari wa mifugo. Kabla hata hajamgusa akaniuliza, "Amekula nini?" Nikajikuta nalia. Akanieleza kwamba ndani ya chokoleti mna kitu ambacho mwili wa mtu unakiondoa haraka, wa mbwa unashindwa, moyo unakwenda mbio mno. Nyeusi, ile chungu, ndiyo mbaya zaidi. Paka naye asipewe, wala mifugo mingine. Na ukijua mnyama ameila, usingoje atetemeke, mkimbize. Wangu alipona.

Nilimpelekea baba mdogo habari hiyo. "Mambo ya zamani hayo, mwanangu," akasema. "Bibi yako alishapumzika, usimfukue."

Bibi kapumzika, sawa. Na Mama Kalunde je, yeye nani alimpumzisha? Aliuliza swali moja tu, lilelile la daktari, watu wamejaa uani kwetu. Jibu lilitoka palepale, likazabwa kibao.