Saruji Juu ya Udongo

Nilipogonga ukuta wa nyuma ya altare kwa kifundo cha kidole, ulilia kama debe tupu. Nikagonga pembeni, nikagonga chini. Debe tupu. Lipu ya saruji ilikuwa imeachana na ukuta, na niliipiga mimi mwenyewe, mwaka juzi, tena kwa mbwembwe.

Kanisa letu ni kigango kidogo cha parokia, mwendo wa baiskeli kutoka Kwihara. Babu zetu walilijenga kwa matofali mabichi, wakafuata ujenzi waliouzoea, ule wa tembe: kuta nene, madirisha madogo ya kukinga joto, na nguzo za mninga ndani zikibeba paa. Zamani hata paa lilikuwa la udongo. Bati lilikuja baadaye. Mlango wake hautazami jua linakochomoza wala linakozama. Unatazama njia ya zamani ya misafara. Bibi yangu anasema waliolijenga walikuwa watoto na wajukuu wa wapagazi, wakataka mtu akipita na mzigo kichwani aone mahali pa kuutua.

Kila mwaka kabla ya mvua, kina mama walichimba udongo wa kichuguu, wakaukanyaga na samadi ya ng'ombe na majivu, wakausiriba ukutani kwa viganja huku wakiimba na kutaniana. Kiongozi wao alikuwa bibi.

Mimi nimeishia darasa la saba. Nilikwenda mjini, Ipuli, nikawa saidia fundi miaka miwili, nikarudi nyumbani najiona mhandisi. Nilikuwa na daftari nimechora kanisa letu likiwa jeupe, lina mnara, hata njiwa nimewaweka. Kwenye mkutano wa kigango nikasimama.

"Jamani, mpaka lini tutasali kwenye nyumba ya tope? Tupige saruji mara moja, kina mama wapumzike."

Watu wakapiga makofi. Bibi peke yake ndiye aliyeuliza, "Sasa ukuta utapumulia wapi, mume wangu?" Ndivyo anavyoniita, utani wa bibi na mjukuu.

"Ukuta hauna pua, bibi!"

Walicheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote.

Sikujua kwamba tofali bichi hunywa maji kutoka ardhini kila masika, halafu huyatoa polepole kupitia udongo uliopakwa juu yake. Nilikuwa nimeliziba. Maji yaliingia, hayakupata pa kutokea.

Siku ile nilipogonga ukuta ilikuwa Jumatano, na mvua zilikuwa zimeshaanza. Katekista, anayetuongoza sala, alinikuta bado nimesimama mbele ya altare.

"Paroko anakuja Jumamosi na fundi wa parokia," alisema. "Wakikuta ukuta umeoza, wanalifunga kanisa."

"Tuibandue saruji, tusiribe upya kwa udongo. Labda utakauka."

"Kwa mvua hii?"

"Hii hii."

Nikaenda kwa bibi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, "Marahaba, fundi mkuu," halafu akaniona uso, akaacha utani. Nilimweleza yote. Nilingoja aniambie kwamba alinionya. Badala yake alichukua jembe akaenda kugonga milango ya wenzake.

Asubuhi ya Alhamisi kina mama walikuwa kwenye kichuguu, mimi ukutani na tindo na nyundo. Kipande cha kwanza kikabanduka, kikubwa kama sinia. Nyuma yake saruji ilikuwa imeshika michirizi ya vidole, minne minne, kama ilivyoachwa na viganja miaka ile. Kina mama wakakizunguka.

"Mkono wa nani huu, mpana hivi?"

"Wa mama mkwe wako! Si unaona hata ukutani alikuwa anakwaruza?"

"Muache marehemu! Wewe mwenyewe atakukumbuka kwa lipi?"

Wakacheka hadi mmoja akakaa chini. Na mimi nikacheka, na kwa muda ule mfupi niliamini kabisa tutalinusuru.

Nilipofika chini karibu na sakafu, tindo liliingia bila kupigwa nyundo. Nikalichomoa, nikaingiza mkono. Tofali lilinifuata kiganjani, limekuwa uji. La pili yake vilevile. Bibi alikuja, akaweka kiganja ukutani, akainua macho pale ukuta unapokutana na bati, akaona mwanya.

"Tokeni. Wote."

"Ndoo yangu iko..."

"Acha ndoo!"

Tulisimama nje kwenye manyunyu. Ukuta haukuanguka kwa kishindo kama nilivyodhani. Ulijikalia tu chini, kama mtu aliyechoka, na bati likainamia altare. Nguzo za mninga zilibaki zimesimama na sehemu yao ya paa. Nilikimbilia kule, bibi akanidaka shati kwa nyuma, akanishikilia hivyo hivyo, nami nikalia mbele ya watu.

Jumamosi paroko alikuja. Fundi wake alizigonga kuta tatu zilizobaki. Debe tupu, zote. Zote nilizipaka mimi. Paroko alisema kwa upole kwamba zibomolewe kabla hazijamuua mtu. Katekista akauliza lini tutajenga lingine, na wapi.

"Tutaona," paroko alijibu, akatazama viatu vyake.

Jumapili tulisali kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima tumebanana kwenye madawati ya watoto. Baada ya sala ya mwisho katekista akauliza kama kuna matangazo. Nilisimama. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, lakini yalitoka haya tu:

"Ni mimi niliyeliua."

Kisha mama mmoja wa nyuma, yule wa ndoo, akasema, "Tunajua, mwanangu. Na sisi tulipiga makofi. Kaa chini, tuimbe."

Wakaanza kuimba. Nilibaki nimesimama.