Miaka Mitatu ya Kupima Soli za Viatu

Nilirudi nyumbani Bombambili na tasnifu iliyokamilika isipokuwa grafu moja, nikakuta mama ameshanitangazia mahafali. Jumuiya yake yote ya kanisani ilijua. Akina mama walikuwa wameshachagua kitenge cha sare, na mimi hata kuwasilisha sijawasilisha.

Kazi yangu ilikuwa kupima umeme wa plazma baridi. Unapitisha gesi ya agoni kwenye kijibomba cha kioo, unaipa maelfu ya volti, na mdomoni unatoka ulimi mwembamba wa zambarau. Unawaka lakini hauunguzi. Wataalamu wanautumainia kwa kusafisha vidonda sugu, na swali langu lilikuwa dogo: ukimgusa mtu, ni umeme kiasi gani unaopita mwilini mwake? Kule maabara nilikuwa nimeugusa kwa kidole changu hadi nikachoka kuhesabu, nikaandika kwa kujiamini kwamba mgonjwa hatahisi kitu. Hospitali moja ya misheni ilisubiri majibu hayo ili ianze majaribio.

Grafu iliyobaki niliipimia sebuleni kwa mama, kwa vifaa nilivyokuja navyo kutoka chuoni Dar. Mtungi wa agoni niliuazima kwa fundi anayechomelea aluminiamu, ukaja kwa bodaboda umefungwa mipira kama mbuzi anayepelekwa mnadani.

Kwa mama haingii mtu na viatu, hata awe padri. Viatu vyangu vya maabara, vyenye soli nene ya mpira, vikabaki mlangoni pamoja na kandambili. Sakafu ya saruji alikuwa ametoka kuipiga deki, bado mbichi.

“Ndiyo hiki kilichokuweka Dar miaka mitatu?” mama akauliza.

“Ndicho, mama. Weka kidole, hakiumi.”

Akaweka. Akakitoa upesi. “Kinauma.”

Nikacheka. Msomi bwana. Nikamwambia ni woga tu, kisha nikatazama kioo cha kifaa kinachochora umeme. Mstari ambao siku zote ulikuwa umelala ulikuwa umeruka juu. Nikaweka kidole changu, kikachomwa kama na siafu. Nikaenda mlangoni, nikavaa viatu, nikarudi navyo ndani huku mama akinitazama kwa jicho la kunifukuza. Nikaweka kidole tena. Mstari ukalala, wala sikuhisi kitu.

Umeme ukipata njia ya kwenda ardhini hupita kwa wingi, na soli zangu zilikuwa zimeuzibia njia. Kule maabara kuvua viatu ni marufuku, kwa hiyo sikuwahi kuvua. Miaka mitatu nilikuwa nikipima soli.

Niseme ukweli, nilifikiria kunyamaza. Msimamizi wangu asingejua, na kitenge kilikuwa kwa fundi tayari. Mama alikuwa anapuliza kidole chake. Akauliza, bila ukali wowote:

“Hao wagonjwa wataingia na viatu?”

Alijua kama nijuavyo mimi kwamba huku kwetu kandambili hubaki mlangoni mwa wodi. Jioni nikampigia msimamizi, nikamweleza yote. Akasema nitarudia kila kipimo, safari hii miguu mitupu, juu ya sakafu kavu na mbichi. Maana yake mwaka mwingine mzima. Nililia jikoni, mwiko mkononi, na ugali ukashika chini.

Jumamosi jumuiya ikakutanika kwetu. Nilitaka kujifungia chumbani, mama akakataa, akanikalisha mkekani pembeni yake. Ulipofika wakati wa matangazo, akasimama.

“Mahafali yameahirishwa,” akasema. “Mwanangu alikosea vipimo. Kosa amelisema mwenyewe, kabla halijamuumiza mtu, ukiniacha mimi.”

Akainua kidole waone. Wakacheka, na yeye akacheka, kisha akaketi na kuushika mkono wangu. Alishawahi kuwasomea matokeo yangu yote ya mitihani, lakini sijawahi kumsikia akinisifu mbele za watu namna ile.