Mfereji wa Baba na Mama Mkwe Wake

Chifu alipotangaza barazani kwamba Kipsongo, mtaa wetu wa Kitale, nayo italetewa mfereji, watu walipiga makofi ya adabu tu, maana tulikuwa tumeshaahidiwa mambo mengi. Safari hii mabomba yalikuja kweli. Ofisi ya maji ya mji ikajenga kibanda cha mabati kando ya njia, ikaweka mfereji mbele yake, na ikamwajiri baba yangu awe mlinzi wake. Kazi yake ilikuwa kuwafungulia watu maji kwa ufunguo aliopewa na kutobanduka pale mfereji ukiwa wazi. Hilo la kutobanduka chifu alilirudia, kwa sababu maji ya kumwagika ovyo ndiyo yaliyoua mifereji ya mitaa mingine.

Tulimwonea baba fahari. Alinunua hata kofia. Tatizo letu lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa nyanya, mama yake mama.

Kukhu, ndivyo tulivyomwita, alikuwa ametoka Myanga, huko Bungoma, baada ya babu kufariki, akaja Kitale kukaa kwa mjomba wangu, nyumba chache kutoka kwetu. Sasa, kwetu sisi Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Hawapeani mikono, hawali pamoja, na wakikaribia kukutana njiani mmoja hukata kona, hata kama ni kwenye miba. Si chuki. Ni heshima, na kadiri mtu anavyompenda mkwe wake ndivyo anavyozidi kumkwepa. Kijijini jambo hilo ni rahisi, kuna migomba na nafasi. Kipsongo nyumba zimebanana hivi kwamba jirani akipiga chafya, wewe ndiwe unayeambiwa pole. Na serikali ilikuwa imemweka mkwe wa Kukhu juu ya maji ya mtaa mzima.

Kukhu hakulalamika. Alichukua mtungi wake akaendelea kushuka kwenye chemchemi ya bondeni, penye utelezi. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, nikajitolea kumchotea. Alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Siku nitaletewa maji na miguu bado iko, hiyo siku mnizike," alisema.

Mvua zilipoanza aliteleza, akarudi akichechemea. Mama yangu alilia mbele ya baba bila kumlaumu, na hilo lilimuumiza baba kuliko lawama.

Baba akatafuta dawa yake mwenyewe. Foleni ya asubuhi ilipokwisha, alifungua mfereji, akazunguka nyuma ya kibanda, akaipa njia mgongo, akawa anakagua milima ya Cherang'ani utadhani nayo ni mali ya ofisi ya maji. Mimi nilikwenda kumwambia Kukhu kwamba pale mferejini hakuna mtu. Alikuja na leso ameishusha hadi kwenye nyusi, akachota, akafunga mfereji, akaenda zake. Mtaa mzima ulijua, na mtaa mzima ukatazama kando. Walifanya hivyo msimu wote wa mahindi, na sikuwahi kuona ukwe mtamu kama ule.

Halafu siku moja akaja ofisa wa maji bila taarifa, kijana mwenye tai, mzaliwa wa hapa hapa Trans-Nzoia ambaye wazazi wake walitoka Mkoa wa Kati. Alikuta maji yanatiririka, ufunguo unaning'inia, na mwanamke mzee anajihudumia.

"Mwenye kazi ako wapi?"

"Niko hapa, mkubwa," baba akajibu nyuma ya mabati.

"Si ukuje basi."

"Saa hii siwezi."

"Ati huwezi? Maji ya serikali inamwagika na wewe umejificha? Toka, ama niende na hii ufunguo na kesho usikuje kazi."

Nilijua baba anapima nini. Akitoka, atakuwa amemwaibisha Kukhu mbele za watu, naye hatakanyaga pale tena; atarudi bondeni, na bonde lile lingemmaliza. Asipotoka, kazi imekwenda. Nilijua pia kwamba hatatoka. Nikafungua mdomo nieleze, lakini Kukhu alinitangulia. Alifunga mfereji, akauchukua ufunguo, akamnyooshea ofisa.

"Kijana, kama ni ufungulo unataka, chukua kwa mkono yangu. Huyo usimwite. Mahali mimi niko, yeye hawezi kuwa. Hajalewa, hajarala. Ananichunga. Huyo mimi sikumzaa, lakini ni mtoto wangu."

Ofisa aliilegeza tai yake. Alimtazama Kukhu, akatazama mabati.

"Mama, hata mimi nimeoa," akasema. "Chota tu."

Akaurudisha ufunguo mahali pake, akasogea kando, akageuka akatazama upande mwingine kama sisi wengine.

Katika baraza lililofuata chifu alitangaza kwamba mlinzi wa mfereji haruhusiwi kuondoka, ila kwa sababu za heshima. Watu walicheka sana. Katika matangazo yote ya serikali niliyowahi kuyasikiliza, hilo ndilo pekee lililotungwa na nyanya yangu.

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni jioni ya siku ile ofisa alipokuja. Baba aliketi mezani hagusi ugali. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa bado ananyonya, na katika miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kumsikia Kukhu akimtaja yeye mwenyewe. Mama akamwuliza kama anaumwa. Badala ya kumjibu, alinigeukia mimi, akataka niwasimulie Kukhu alisema nini. Nikasimulia yote, tangu ufunguo, naye akasikiliza ameinamisha kichwa, ingawa pale nyuma ya mabati alikuwa amesikia kila neno.

"Ile ya mwisho," akasema nilipomaliza. "Hebu sema tena."