Siku Nilipomwonea Haya Mama Mkwe

Miaka michache baada ya uhuru, nikiwa mwalimu Migori na mwenye shahada niliyoitaja hata nikinunua viazi, niliugua akili. Sikulala siku sita. Niliandika katiba mpya ya shule kwa chaki kwenye kuta za bwalo, sura ya kwanza yote ikinihusu mimi. Walimu wenzangu wanne walinipeleka hospitalini Homa Bay. Nawashukuru mpaka leo, ingawa mmoja nilimng'ata.

Wodini kila mgonjwa alitakiwa awe na jamaa wa kumpikia na kumchunga. Mama yangu alikuwa ameshafariki, na mke wangu alikuwa amejifungua wiki ile ile. Akaja mama yake kutoka Karungu, na furushi la unga na samaki wakavu.

Kwetu Waluo mtu hali mbele ya mama mkwe wake, wala hazungumzi naye ana kwa ana. Mimi nilikula mkononi mwake. Wiki mbili alinilisha tonge kwa tonge, nami nikimhutubia mdomo umejaa, na aibu hiyo akaivumilia mbele ya wodi nzima.

Daktari alikuwa amesema kwamba ikifika Ijumaa sijatulia, nitapelekwa hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili, Nairobi. Waliotoka kwetu kwenda huko hawakurudi; tuliwajua kwa majina tu.

Alhamisi niliamka kichwa kimetulia, mdomo umekauka kwa dawa. Mama mkwe akaleta ugali. Nikamtazama, nikamtambua, nikajifunika shuka hadi utosini. Sista wa wodi, mgeni kutoka pwani, akaandika kwenye faili: amekataa chakula, anajificha. Kesho yake daktari alikuja na barua ya Nairobi mkononi.

"Sista, futa hiyo maneno," mama mkwe akasema, kitanda changu amekipa mgongo. "Huyu amepona."

"Amepona na hataki kula, mama?"

"Atakula aje na mimi niko hapa? Wiki mbili amekula kwa mkono yangu kama ndama. Jana ndio ameona mimi ni nani. Wacha nitoke, umpatie sahani."

Akatoka. Nilimaliza ugali, nikamaliza samaki, nikaulamba mchuzi. Jirani yangu wa kitanda cha pili akauliza, "Mwalimu, na sahani unameza?" Daktari akaikunja barua, akaitia mfukoni, akasema nikae siku chache zaidi kisha niende nyumbani.

Chuoni niliwahi kuandika kurasa nane kueleza akili timamu ni nini, nikapata alama nzuri. Mama mkwe hakuandika kitu.

Nilitamani kumshukuru ana kwa ana, lakini sikuweza: nilikuwa nimeshapona. Shukrani nilizipeleka kwa mdomo wa mke wangu, na jibu likarudi kwa njia ile ile. Nisisahau vidonge.